Alama ya Kutoa: Jinsi Wanafizikia Wanavyochora Nafasi na Wakati



Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: hiyo dimensheni ya nne iko upande gani? Muulizaji hunyoosha mkono kulia, akauelekeza mbele, akauinua juu, kisha akasubiri nimwonyeshe pa kuuelekeza mara ya nne. Simlaumu. Sisi wenye somo letu tumelieleza jambo hili kwa mbwembwe nyingi hata watu wakadhani kuna mlango uliofichwa mahali, na ufunguo tumeukalia sisi.

Mlango haupo. Kuna namba nne, kuna kanuni moja ya kuzijumuisha, na ndani ya kanuni hiyo kuna alama ndogo ya kutoa. Nitaizungumzia alama hiyo kuliko kitu kingine chochote, maana bila yake habari yote ya dimensheni nne ni mapambo tu.

Tuanze na namba zenyewe. Rafiki yako akitaka mkutane kwenye jengo fulani katikati ya Dar es Salaam, anaweza kukupa latitudo, longitudo na ghorofa. Kwa hizo tatu utafika, lakini asipokutajia saa mtapishana. Kwa hiyo kila tukio, liwe kukutana kwa watu wawili, mlio wa kengele ya shule au kupasuka kwa tairi, lina anwani ya namba nne. Hapo wengi hushusha pumzi wakasema, aa, kumbe ni hayo tu! Wanashusha pumzi mapema mno. Mtabiri wa hali ya hewa ataongeza namba ya tano, ya joto, na ya sita, ya unyevu, na kazi yake itakuwa bora zaidi. Wala hakuna anayesema joto ni dimensheni ya ulimwengu. Kitu chochote kinachopimika kinaweza kulazwa juu ya mhimili wa grafu. Hata bei ya mahindi. Sasa wakati ulipata wapi haki ya kuketi safu moja na urefu, upana na kimo?

Haki hiyo haikutokana na kuchorwa, kwa sababu kuuchora wakati ni kazi ya kale. Katika karne ya 14 Nicole Oresme, mwanazuoni Mfaransa aliyekuja kuwa askofu, aliulaza muda kwenye mstari na kusimamisha kasi juu yake, akapata umbo la mwendo. Mwaka 1754 d'Alembert, akiandika kuhusu dimensheni katika ile ensaiklopidia kubwa ya Wafaransa, alitaja kwamba mtu mmoja anayemfahamu anaona muda unaweza kuhesabiwa kuwa dimensheni ya nne. Lagrange alilisema jambo hilo kwa lugha ya hesabu mwaka 1797: elimu ya mwendo inaweza kutazamwa kama jometri ya dimensheni nne. Na mwaka 1895 H. G. Wells akalitia kinywani mwa mhusika wa riwaya yake The Time Machine, wakati Einstein ni kijana wa miaka 16 asiyejulikana na mtu.

Lakini mchoro ninaoupenda kuliko yote hiyo haukutoka kwa mwanafizikia wala mwandishi wa riwaya. Étienne-Jules Marey alikuwa tabibu wa Paris aliyetumia maisha yake kuchunguza mapigo ya moyo na mabawa ya ndege. Katika kitabu chake cha mwaka 1878 kuhusu michoro ya kisayansi alichapisha ratiba ya treni za kati ya Paris na Lyon. Stesheni zimepangwa kwenda chini kwa umbali wake halisi. Saa za siku zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Na kila treni ni mstari mmoja unaoteremka au kupanda kwa mshazari. Treni ya haraka ina mstari uliosimama zaidi. Treni iliyotua stesheni haitoweki kwenye karatasi: mstari wake unalala, unaendelea kulia, kwa sababu treni imesimama ila saa haikusimama.

Wanaoongoza treni hawakuuona mchoro wa namna hii kuwa falsafa. Reli ya Kati ya zamani, ile ya geji ya mita itokayo Dar es Salaam hadi Kigoma, ni ya njia moja, na treni mbili zinazokabiliana hazina budi kupishana stesheni. Ukiichora safari yake kwa mtindo huu, kanuni ya usalama inakuwa kanuni ya jometri: mistari miwili ikatane juu ya mstari wa stesheni. Ikikatana katikati ya stesheni mbili, hiyo ni ajali iliyoandikwa kabla haijatokea.

Huo tayari ni mchoro wa nafasi na wakati, tena kamili. Bado kuna kitu kinakosekana. Mchoraji wa ratiba yuko huru kabisa kuamua sentimita moja iwe saa moja au dakika kumi, na sentimita moja ya upande wa pili iwe kilomita ngapi. Karatasi ikiwa fupi ataubana wakati. Ikiwa nyembamba ataubana umbali. Hakuna chochote katika maumbile kinachomwambia saa moja ni sawa na kilomita ngapi, na mizani mbili zisizo na kiwango cha kubadilishana zitakaa kwenye karatasi moja bila kuwa kitu kimoja.

Kiwango hicho kilipatikana mwaka 1905. Einstein, akiwa na miaka 26 na kazi ya kukagua maombi ya hataza mjini Bern, alichukulia kwa dhati jambo ambalo wengine walikuwa wakilizungukazunguka: kasi ya nuru ni ileile kwa kila mtu anayeipima, awe amesimama au anaikimbiza. Kasi hiyo ni mita 299,792,458 kwa sekunde, bila senti ya kubaki, kwa kuwa tangu mwaka 1983 mita yenyewe imefafanuliwa kwayo. Mita ni umbali ambao nuru hupita katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Hakuna tena chuma kilichofungiwa kabatini Paris ambacho ndicho mita. Urefu wote rasmi duniani, pamoja na ule wa tepu ya fundi na wa kitambaa dukani, sasa ni vipande vya wakati. Rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa tofauti isiyofika hata asilimia moja.

Lakini hata kiwango cha kubadilishana hakitoshi. Ili kueleza kinachotosha nitamwita fundi ujenzi. Amepiga kigingi kwenye pembe ya kiwanja, na kuna mwembe ambao mwenye kiwanja hataki ukatwe. Akipima kwa kufuata barabara, mwembe uko mita nne kando ya barabara na mita tatu kuingia ndani. Msaidizi wake, aliyepanga kamba zake kufuata ukuta wa jirani uliokaa upande-upande, anapata namba nyingine kabisa. Hawagombani, maana wote wawili wakizidisha kila namba kwa yenyewe na kujumlisha, wanapata 25, na kamba ya kutoka kigingini hadi mtini ni mita tano. "Kando" na "ndani" ni mafungu mawili ya kitu kimoja. Kila mpimaji hukigawa kulingana na alivyokaa, na kitu chenyewe hakibadiliki.

Hapo ndipo penye maana ya dimensheni kwa mwanafizikia. Mihimili miwili ni dimensheni za kitu kimoja pale ambapo kugeuza mkao wa mpimaji kunachanganya namba zake, ilhali jumla fulani inabaki vilevile. Joto haliwezi kufanya hivyo. Zigeuze kamba zako utakavyo, nyuzi joto hazitageuka mita. Kwa hiyo swali letu limepata umbo linaloweza kujibiwa kwa vipimo: je, kuna namna ya kumgeuza mpimaji ambayo inachanganya wakati na umbali?

Ipo. Ni kumpa mwendo.

Aliyelisema hilo waziwazi ni Hermann Minkowski, mzaliwa wa karibu na Kaunas katika Lithuania ya leo, aliyewahi kumfundisha Einstein hesabu kule Zürich, na ambaye Einstein alikuwa akivikimbia vipindi vyake. Tarehe 21 Septemba 1908, mjini Köln, mbele ya mkutano wa wanasayansi na waganga wa Ujerumani, alitoa mhadhara ulioitwa kwa ufupi Nafasi na Wakati. Alidai kwamba nafasi peke yake na wakati peke yake ni vivuli, na kilicho imara ni muungano wake. Miezi minne haijatimia akafa kwa ugonjwa wa kidole tumbo, akiwa na miaka 44. Einstein mwenyewe mwanzoni aliiona kazi ile kuwa madoido ya wanahisabati. Miaka michache baadaye, akitafuta nadharia ya uvutano, aligundua kwamba hawezi kupiga hatua bila hiyo.

Kanuni ya Minkowski inafanana na ya fundi wetu isipokuwa mahali pamoja. Chukua matukio mawili. Pima muda uliopita kati yake kwa sekunde, na umbali kwa sekunde za nuru, yaani kwa hatua za kilomita laki tatu hivi. Zidisha kila namba kwa yenyewe. Kisha usijumlishe: toa. Mraba wa wakati, toa mraba wa umbali. Jibu hilo ndilo ambalo wapimaji wote, kwa mwendo wowote ulionyooka na usiobadilika, watakubaliana.

Tuijaribu. Chombo kinapita mbele yetu kwa kasi ya tatu ya tano ya nuru. Sisi tunasema: kimesafiri sekunde tano, kikaenda sekunde tatu za nuru. Tano kwa tano ni 25, tatu kwa tatu ni 9, toa, tunabaki na 16. Nahodha wa chombo anayatazama matukio hayohayo mawili, lakini kwake yote yametokea palepale alipoketi, kwa hiyo umbali wake ni sifuri. Jibu lake lazima liwe 16 pia, na lote limetokana na wakati. Saa yake imehesabu sekunde nne. Tatu, nne, tano: ni zilezile namba ambazo fundi hutumia kunyoosha pembe ya msingi, ila zimebadilishana viti. Kwenye kiwanja, tano ndiyo ya mshazari, na mshazari ni mrefu kuliko pande zake. Kwenye mchoro wa Minkowski mstari wa mshazari ni mfupi. Anayezunguka huko na huko akarudi amezeeka kidogo kuliko aliyebaki, na sababu yote ni kwamba tulitoa badala ya kujumlisha.

Mtaniuliza kama hili limewahi kuonekana. Linapita mwilini mwenu sasa hivi. Miale kutoka anga za mbali hugonga hewa ya juu na kuzaa chembe ziitwazo muoni, na kiganja kilicholazwa wazi hupitiwa na muoni moja hivi kila sekunde. Muoni ikitulia huishi kwa wastani sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Hata nuru yenyewe katika muda huo hupita mita 660 tu, ilhali muoni hutoka kilomita nyingi juu. David Frisch na James Smith walifanya jaribio la wazi kabisa juu ya jambo hili, wakalichapisha mwaka 1963. Juu ya Mount Washington huko Marekani, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, walihesabu muoni 563 kwa saa. Kama saa za muoni zingekwenda sawa na zetu, ni 27 hivi tu zingeishi kufika usawa wa bahari. Waliposhusha mitambo yao walihesabu 408.

Tunaposimulia sisi tuliosimama chini, tunasema wakati wa muoni umekwenda polepole, kama mara tisa. Muoni nayo, ingeweza kusema, ingetushangaa: saa yangu iko sawasawa, ni mlima wenu uliokuwa mfupi, mita mia mbili na ushei. Mmoja anaweka hesabu yote kwenye fungu la wakati, mwingine kwenye fungu la umbali, na zile 408 ziko palepale. Mtu akitaka ushahidi kwamba wakati ni dimensheni na bei ya mahindi si dimensheni, mimi humpa namba hizo.

Sasa mfano wa mfukoni. Nahodha wa boti ya uvuvi aliyetoka Mafia usiku anatazama GPS yake. Juu yake, kilomita 20,200 angani, kuna setilaiti zenye saa za atomu, na kila moja inatangaza bila kuchoka: niko hapa, na kwangu ni saa hii. Kifaa kikijua lini ujumbe ulitumwa na lini umepokelewa, kinajua umbali. Tatizo ni kwamba saa ya kifaa ni ya bei nafuu. Ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, boti imehamishwa mita 300. Kifaa hakiiamini saa yake. Kinauchukua wakati kuwa namba isiyojulikana, sawa na latitudo, longitudo na kimo, na kwa sababu hiyo kinahitaji setilaiti nne, wala si tatu. Kinatafuta namba nne kwa milinganyo minne, yote kwa mpigo. Na kila mlinganyo ni kanuni ya Minkowski katika hali yake nyepesi: mraba wa wakati, toa mraba wa umbali, jibu sifuri. Sifuri ndiyo alama ya njia ya nuru. Nahodha yule hajasikia habari za Köln, lakini kila samaki anayemleta sokoni kapitia huko.

Kuna nyongeza katika GPS ambayo haikuwamo kwenye mhadhara wa Minkowski. Kwa ajili ya mwendo wake, saa za setilaiti huchelewa sehemu 7 za milioni ya sekunde kila siku. Kwa ajili ya kuwa juu, mbali na uzito wa Dunia, huwahi sehemu 45. Salio ni 38 za kuwahi. Wahandisi huzipunguza mwendo kabla hazijarushwa. Wasingefanya hivyo, kosa la umbali lingekua kwa zaidi ya kilomita kumi kwa siku. Sehemu ile ya pili, kubwa, ni ya ile nadharia ya uvutano ya Einstein, uhusianifu wa jumla, ya mwaka 1915. Kwa nadharia hiyo karatasi yenyewe ya mchoro imepinda, na kanuni ya kutoa hubadilika kidogo mahali hadi mahali. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, waliinyanyua saa moja sentimita 33 kuliko mwenzake wakaiona ikienda mbio zaidi. Ni urefu wa rula tu.

Niseme jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kimya. Mmeona picha ya shuka iliyovutwa na mpira mzito ukiibonyeza katikati. Hiyo huonyesha nafasi ikipinda. Picha hiyo mimi siipendi. Embe likidondoka, karibu sababu yote iko kwenye kupinda kwa wakati, si kwa nafasi. Wakati huenda kasi kidogo sana tawini kuliko ardhini, na tofauti hiyo ndogo, ikizidishwa kwa kile kiwango kikubwa cha kubadilishana sekunde kuwa kilomita, inatosha kuliteremsha embe. Shuka haina wakati ndani yake, na ndiyo maana haiwezi kueleza kwa nini kitu kilichotulia huanguka.

Nirudi kwenye alama yetu, maana bado haijatoa yote. Kwa kuwa tunatoa, jibu linaweza kuwa chanya, sifuri au hasi, na kila jibu ni aina ya uhusiano kati ya matukio. Likiwa chanya, wakati umeshinda umbali: la kwanza linaweza kuwa chanzo cha la pili, na kila mpimaji atakubali lipi lilitangulia. Likiwa hasi, umbali umeshinda. Hapo nuru haiwezi kutoka huku ikafika kule kwa wakati, hakuna linaloweza kuliathiri jingine, na wapimaji wenye mwendo tofauti watapishana hata juu ya lipi lilikuwa la kwanza.

Tarehe 18 Februari 2021 roboti Perseverance ilitua Mars. Kuingia kwenye hewa ya sayari ile mpaka kugusa ardhi kulichukua dakika saba hivi, na habari kufika duniani ilichukua zaidi ya dakika kumi na moja. Wahandisi waliposikia kwamba imeanza kuingia, ilikuwa tayari imetua au imevunjika. Watu walilitaja jambo hili kama usumbufu wa mawasiliano. Ni zaidi ya hapo. Kwa dakika hizo Mars haikuwa katika wakati wetu uliopita wala ujao. Ilikuwa katika eneo lile la jibu hasi, ambapo neno "sasa" halina mwenyewe. Mwendo wa mhandisi akitembea ukumbini ungetosha kulisogeza, kwa kiasi kidogo mno, lakini ungelisogeza.

Kanuni hiyohiyo inaweza kutumiwa kinyume, wakati ukawa fimbo ya kupimia kisichofikika, na mfano mzuri ulianzia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutazama eksirei za angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Kikundi chake kiliongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye baadaye, mwaka 2002, alipata Tuzo ya Nobel. Miongoni mwa vyanzo ilivyovitazama kulikuwa na kimoja kilichokwisha kujulikana, Cygnus X-1, na Uhuru ikagundua kwamba mng'ao wake unapepesuka mara kadhaa ndani ya sekunde moja.

Fikirini maana yake. Kitu hakiwezi kuzimika na kuwaka chote kwa pamoja haraka kuliko nuru inavyokivuka, kwa kuwa upande mmoja hauwezi kupata habari za upande wa pili kabla ya hapo. Kikipepesuka ndani ya theluthi ya sekunde, upana wake hauwezi kuzidi kilomita laki moja. Jua letu ni milioni moja na laki nne. Na kitu hicho kilichobanwa ndani ya nafasi ndogo kuliko sayari ya Jupiter kina uzito wa mara 21 hivi ya Jua, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021. Cygnus X-1 ndiyo ya kwanza ambayo wanaastronomia wengi walikubali kuiita shimo jeusi. Hakuna aliyeinyooshea tepu. Kilichopimwa ni sekunde.

Ndani ya shimo jeusi alama ya kutoa hufanya jambo la ajabu kuliko yote. Kwenye hesabu aliyoiacha Karl Schwarzschild mwaka 1916, ukivuka mpaka wa shimo alama zinabadilishana: ule mhimili uliopima umbali wa kwenda katikati ndio unaobeba sasa alama ya wakati. Kwa hiyo kitovu cha shimo si mahali palipo mbele yako ambapo unaweza kupaepuka kwa kukata kona. Ni siku inayokuja. Mtu aliyeingia hawezi kukiepuka kwa sababu ileile ambayo sisi hatuwezi kuiepuka Jumanne ijayo.

Wanafunzi wanaosoma fizikia wamekwisha kukutana na fujo moja ambayo ni lazima niiombee radhi kwa niaba ya wanafizikia wenzangu. Poincaré, na Minkowski baada yake, waliuzidisha wakati kwa kipeuo cha pili cha hasi moja, ili alama ya kutoa ijifiche na kanuni ifanane na ya kiwanja. Ni ujanja wa kupendeza na ninauona wa hasara, kwa sababu unaficha hicho hasa ambacho ni habari. Misner, Thorne na Wheeler, katika kitabu chao kikubwa cha Gravitation cha mwaka 1973, waliuaga rasmi. Kisha kuna ugomvi mwingine: wanafizikia wa chembe ndogo huweka alama ya kutoa kwenye nafasi, na wengi wa wale wa uvutano huiweka kwenye wakati. Fizikia ni ileile. Anayelia ni mwanafunzi aliyeazima vitabu viwili.

Je, dimensheni zinaweza kuzidi nne? Theodor Kaluza mwaka 1921 na Oskar Klein mwaka 1926 walijaribu ya tano, iliyojikunja mno isionekane, ili sumaku na umeme vitoke kwenye jometri kama uvutano. Nadharia ya nyuzi inataka kumi, na tawi lake moja kumi na moja. Hesabu zake ni nzuri. Mashine kubwa ya kugonganisha chembe huko CERN imetafuta dalili za dimensheni hizo bila kuona hata moja, na mimi nitazihesabu siku zitakapoonekana.

Linalonisumbua zaidi ni kinyume chake: kwa nini tatu na moja? Kuhusu tatu, Paul Ehrenfest alionyesha mwaka 1917 kwamba nafasi ingekuwa na dimensheni zaidi ya tatu, sayari zisingekuwa na njia tulivu za kuzunguka. Zingetumbukia au zingekimbia. Kuhusu moja, tunajua kwamba mihimili ya wakati ikiwa miwili, milinganyo ya fizikia hupoteza uwezo wa kuipata kesho kutokana na leo. Hizo ni sababu za kwa nini ulimwengu mwingine usingetufaa. Hazielezi kwa nini huu umekuwa hivi.

Na kuna kitu ambacho alama yetu haiwezi kabisa. Imeutenga wakati na nafasi, lakini haisemi ncha ipi ya mhimili ni jana na ipi ni kesho. Angalieni kanuni: tunauzidisha wakati kwa wenyewe. Tano kwa tano ni 25. Hasi tano kwa hasi tano ni 25 vilevile. Mchoro wa Minkowski ukigeuzwa juu chini unabaki halali, ilhali yai lililovunjika halijiungi. Kueleza kwa nini halijiungi ni kazi aliyoianza Ludwig Boltzmann katika karne ya 19, akihesabu mipangilio ya atomu, na haikufanywa kwa jometri. Kwa hilo itawabidi mumwalike mtu wa fizikia ya joto.